Mwaka Nilioogopa Kuita Ingobyi

Kiangazi kilichopita tulimzika mama mkwe wangu kule Bugendana. Siku ya pili ya msiba wanawake tulikaa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi za kuwapikia wageni, vidole vyeusi kwa utomvu, na kama kawaida ya msiba maongezi yalikuwa yameshamwacha marehemu na kuhamia kwa walio hai. Kulikuwa na msichana mmoja, mke wa mtoto wa jirani, mimba yake ya kwanza, tumbo limemshukia mapajani. Akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu: hivi mtu anajuaje kwamba saa yenyewe imefika? Wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja akamgonga goti na kumwambia, "Utajua tu." Nikaweka kisu chini. Nimezaa watoto watano, sasa nina wajukuu, na bado maneno hayo mawili yananichefua. Nilimwambia yule binti aje akae karibu yangu, nikaanza kumweleza kila kitu waziwazi, mbele ya wote, mpaka wengine wakaanza kujikohoza kwa aibu. Mimi sikujua tu. Mimi niliambiwa utajua, na nusura nisijue.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba mwaka wetu wa kwanza kurudi kwetu kutoka ukimbizini. Ya wazazi wangu na ya kambi nitayaacha, maana wengi wameshayasimulia na wanaofanana nami wanayajua. Inatosha kusema kwamba tulikulia Tanzania, mimi na Laurenti mume wangu, tukaoana kule, na amani ilipotangazwa kuwa ni ya kweli tukavuka mpaka na magodoro mawili na sufuria. Hatukwenda kwao Laurenti moja kwa moja. Tulikaa kwanza Muyinga, kwa sababu Laurenti alipata kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya malori ya wafanyabiashara wa barabara ya Tanzania, na tukapanga chumba kimoja katika ua wa fundi cherehani. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha dogo lililotazama jiko la nje, na ukutani aliyekaa kabla yetu alikuwa amebandika karatasi za kalenda kuziba nyufa. Mchana kutwa nilisikia cherehani mbili zikipokezana barazani. Nilikuwa na mimba changa, na nilikuwa na hofu niliyotoka nayo kambini. Kule niliwahi kumwona jirani yetu akitembea mwenyewe kwenda zahanati akiwa na kikapu cha nguo za mtoto, akatupungia mkono. Jioni alirudishwa amefunikwa shuka. Tangu hapo kila nilipoliona tumbo la mtu nilimkumbuka.

Mke wa fundi aliitwa Hadija, mwanamke mnene wa maneno mengi, na jikoni kwake ndiko nilikosomea hayo yote. Alinizoesha kula naye kabla ya wanaume kurudi. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani aliowakaanga na nyanya mpaka mafuta yakatengana, na siku nyingine mboga ya lengalenga yenye karanga. Alikuwa akila huku akinitazama tumbo kama mtu anayekadiria kitambaa. Siku moja nilijikaza nikamuuliza lile swali. Hadija hakucheka. Alilamba vidole, akavuta kigoda.

"Sikia, mdogo wangu. Maumivu iko aina mbili. Ya uongo inakuja, we unalala kidogo ama unatembea, inaenda zake. Ya kweli haitoki. Inaanzia mugongo, inazunguka mbele, inakaza, inaachia, na kila ikirudi iko karibu zaidi, iko kali zaidi. Donc, ukiona ivo, usingoje bwana, usingoje ugali iive. Unaenda."

"Na kama siwezi kutofautisha?"

"Mi mwenyewe ya kwanza ilinichezea. Nilienda hospitali, wakanirudisha. Sikufa na aibu, ona, niko hapa nakula." Akaongeza habari ya ute wenye damu, kwamba huo ni mlango unaanza kufunguka, lakini mtu anaweza kuuona leo akajifungua kesho kutwa. Kisha nikamuuliza chupa nayo hupasukaje, akaanza kucheka kabla hajajibu. "Aa, chupa! Yangu ilipasuka niko kwenye foleni ya bomba. Maji ilimwagika kama karai imepinduka. Mpaka viatu ya mama alikuwa nyuma yangu!"

Tulicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani yake kuuliza kuna nini. Nililala siku hiyo nimepungukiwa na woga, nikiwa nimeyapanga yote kichwani: maumivu ya mgongo yanayozunguka, ute wenye damu, na maji ya karai. Hadija alinifundisha kwa moyo wake wote na sina neno naye. Alinisimulia mwili wake, hakuwa na mwingine wa kusimulia. Mimi ndiye niliyechukua karai lile nikalifanya kipimo.

Mimba ilipoingia miezi ya mwisho, kukaja ujumbe kutoka Bugendana. Mama yake Laurenti alitaka mtoto azaliwe kilimani kwao, maana kule kilima ndicho kijiji. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Kwa Kirundi mama mkwe huitwa mabukwe, na ndivyo nilivyomwita mpaka tulipomzika. Sababu yake ilikuwa na mantiki: tulikuwa wageni katika ardhi yetu wenyewe, Laurenti alikuwa ameondoka mdogo, akibebwa na baba yake mdogo, na majirani wengine walikuwa wakimtazama kama mtu aliyejileta. Mtoto akizaliwa pale, majirani wakamwona, wakanywa pombe yake, basi hakuna atakayeuliza tena sisi ni akina nani. Laurenti alisema angebaki Muyinga kazini na kuja akisikia. Nililia. Hadija alinifungia kitenge na sabuni na wembe mpya ambao haujafunguliwa, akanisindikiza hadi kwenye gari. Aliendelea kunirudishia masomo yake dirishani mpaka dereva akaondoa gari akiwa bado anaongea.

Nyumba ya Mabukwe ilikuwa na vyumba viwili na giza safi, sakafu ya udongo iliyofagiliwa kila asubuhi mpaka ikang'aa. Alikuwa mwanamke mkavu, mwepesi, mwenye kufanya kazi bila kusema. Tulikula maharage na ndizi, tukala tena maharage na mihogo, kila mmoja akitazama sahani yake. Kilimani mkwe mpya hapazi sauti. Huongea chini, hucheka amejifunika mdomo, na akipita mbele ya wazee huinamisha kichwa. Nilikuwa najua hayo kwa kuambiwa, sasa nikayaishi. Na kuhusu kuzaa, niliwasikia wanawake kisimani wakimsifu mmoja aliyejifungua chumbani huku wageni wanakula sebuleni na hakuna aliyemsikia. Walisema hivyo kwa heshima kubwa. Nilibeba ndoo yangu nikapanda nikijiuliza kama mtu akinyamaza kiasi hicho, atakayejua kwamba anakufa ni nani?

Mara ya kwanza ilinikuta mchana ninapepeta mtama. Tumbo likakaza lote, likawa gumu, nikashika ukuta. Likaachia. Baadaye kidogo likakaza tena. Ilikuwa mbele tu, mgongo haukuuma, na ningetulia ningekumbuka mafundisho ya jikoni Muyinga. Lakini Mabukwe aliniona nimekunja uso, na hakuniuliza hata neno moja. Alitoka mbio, yeye niliyemwona kila siku anatembea polepole, akasimama ukingoni mwa ua panapoteremka migomba, akaita kilima kizima kwa sauti ambayo sikudhani anayo. Wakaitikia kutoka upande huu na ule. Muda si muda wanaume walikuwa uani na ingobyi begani.

Asiyeijua ingobyi nimwambie: ni kitanda cha matete yaliyosukwa, kimefungwa kwenye miti miwili mirefu, na mgonjwa hulazwa humo akabebwa na wanaume wanne wanaokimbia kwa mwendo mmoja, wengine wanne nyuma wakisubiri kupokea. Kila nyumba ya kilima ina zamu yake. Ukiitwa unaacha jembe palepale lilipo, maana kesho utaitwa wewe. Walinibeba hivyo mpaka kituo cha afya, anga ikiyumba juu yangu, watu njiani wakisimama pembeni kuniombea. Na nilipolala kwenye kitanda cha nesi, tumbo likanyamaza kabisa. Nesi alinipima, akavua glavu. "Bado sana," akasema. "Rudi nyumbani. Uchungu wa kweli ukija utajua."

Nilikataa kupanda tena ingobyi. Nilirudi kwa miguu yangu, nyuma ya kitanda kitupu, wanaume wanane mbele yangu wamepoteza kazi ya siku nzima. Mmoja wao, Matiyasi, mtu mrefu mwenye mzaha, akawa anawaambia wenzake kwamba leo wamelitembeza tumbo likaone soko. Walicheka, na mimi nikitazama visigino vyao natamani njia inimeze. Kufika nyumbani, desturi ni desturi: waliobeba hunyweshwa. Mabukwe akatoa mtungi wote wa pombe ya ndizi aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya kuzaliwa mtoto. Pombe ya mtoto ikanywewa, mtoto bado yuko ndani. Aliwamiminia mpaka tone la mwisho na hakuonekana kukasirika, hata alikuwa na uso mwepesi kuliko siku zote, nikadhani anaficha hasira mbele ya wageni. Nilijifungia chumbani nikajiapiza kwamba sitaitiwa ingobyi tena mpaka niwe na hakika.

Siku zilizofuata ndizo siku za hofu kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimekulia kambini. Tumbo lilikaza likaachia, likakaza likaachia. Lilishuka chini nikaanza kupumua vizuri, ila nikawa nakimbilia chooni kila mara. Nilikuwa nimelala macho wazi nikijisikiliza. Nikihisi kitu nahesabu pumzi zangu. Kikitoweka namshukuru Mungu na hapohapo naogopa kwa nini kimetoweka. Mabukwe alikuwa akinitazama. Nikimwona ananitazama nalainisha uso haraka, najifanya natafuta kitu. Nilimwogopa yeye, nikawaogopa wale wanaume, nikaogopa kufa, na nakiri kwamba kuna nyakati kufa kulikuwa kwa tatu katika orodha hiyo.

Basi ikafika siku ya soko. Mabukwe aliondoka asubuhi na mikungu ya ndizi, akaniacha nachambua maharage uani. Sikukaa sana nikahisi nimelowa kidogo. Nikaona haya, nikadhani mtoto amekilalia kibofu, kama alivyozoea. Nikabadilisha kitenge. Nikarudi kwenye maharage. Nikalowa tena. Hayakuwa maji ya karai, yalikuwa vitone tu, na nikipiga hatua yanaongezeka kidogo. Hayakunuka mkojo. Hilo niliona, na nikajifanya sijaliona. Mgongo ulianza kuuma chini kabisa, nikausingizia kuinama. Kisha nikaona ute wenye damu, lakini hapohapo nikamsikia Hadija akisema leo waweza kuuona ukajifungua kesho kutwa, na nikamshika hapo kwenye kesho kutwa kama mtu aliyepata mahali pa kujificha. Nikasema ngoja. Ngoja Mabukwe arudi, aamue yeye, aite yeye.

Kilichonitoa hapo ni mtoto. Niligundua kwamba tangu asubuhi hajanipiga teke. Yeye aliyekuwa hanipi raha, akinisukuma mbavu kila nikiketi! Nikanywa uji wenye sukari, nikalala upande, nikaweka mkono. Kimya. Nikambembeleza kwa jina la baba yake, nikamgonga kwa vidole. Kimya. Nikainuka kuifunga nguo upya, nikaiona rangi yake. Maji yalikuwa yamegeuka kijani, rangi ya maji yaliyochemshiwa mboga. Hakuna aliyewahi kunifundisha hiyo ina maana gani. Sikuhitaji kufundishwa.

Nikatembea hadi ukingoni mwa ua. Nikasimama pale pale aliposimama Mabukwe, nikafungua mdomo, na sauti haikutoka. Naapa haikutoka. Nilikuwa naona ng'ambo watu wadogo wakilima, nawaza ile safari ya kurudi nyuma ya kitanda kitupu, nawaza mkwe gani huyu anayepiga kelele kwenye kilima cha watu. Nikajaribu, ikatoka sauti ya mtu anayeita kuku. Ndipo uchungu ukanishika, safari hii mgongoni, ukazunguka mbele ukanipigisha magoti kwenye udongo, na humo ndani ya uchungu nikaogopa kwa ajili ya mtu mwingine asiye mimi. Nikapiga kelele. "Muntabare! Nisaidieni!" Nilipiga tena na tena, sauti nzima, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Mwanamke mmoja akaipokea ng'ambo akaipeleka juu, mwanaume akaipeleka mbele zaidi, na nikaona majembe yanaanguka moja baada ya jingine mashambani.

Wa kwanza kufika alikuwa Matiyasi. Nilianza kumwambia kwamba safari hii ni kweli, kaka, safari hii ni kweli. Hakunisikiliza. Alishaninyanyua. Njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja, nilisikia tu pumzi zao na miguu yao na mmoja akihesabu hatua za kupokezana. Uchungu ulikuja na kurudi haraka sana sasa. Tulipopita kando ya soko nililia kwa sauti na sikujali nani anasikia.

Yule nesi aliona maji yale akaacha kuongea. Aliita mwenzake. Waliniambia sukuma, nikasukuma, waliniambia tena kwa sauti kali zaidi, na mtoto akatoka na hakukuwa na kitu. Hapakuwa na kilio. Nilimwona kidogo tu, rangi ya majivu, mikono imelegea, kisha migongo yao ikaniziba. Wakamsugua kwa kitambaa, wakamfyonza puani na mdomoni, wakamsugua tena. Nilitazama paa la mabati nikasema ndani yangu: kama ningeita asubuhi. Sina maneno ya kueleza urefu wa kimya kile. Kisha ikasikika sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango uliokosa mafuta. Ikakatika. Ikarudi, kubwa zaidi, ya hasira. Nje, chini ya dirisha, nikawasikia wanaume wa ingobyi wakipiga makofi. Kumbe hawakuwa wameondoka.

Mabukwe aliingia muda mfupi baadaye, miguu ina vumbi hadi magotini. Alikuwa ameiona ingobyi ikipita sokoni, akaitambua nguo yangu, akaacha ndizi zake chini. Nilikuwa na binti yangu kifuani. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Nani aliwaita?" akauliza.

"Mimi, Mabukwe."

"Kwa sauti yako?"

Nikainamisha kichwa. Nikasema nisamehe, nimewasumbua watu tena, nimepiga kelele kama kichaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kukaa karibu nami hivyo.

"Laurenti alikuwa na dada mdogo," akasema. "Alizaliwa wiki ile watu walipokimbia. Nilikuwa siwezi kutembea kwa uzito wa mimba, ndiyo maana nilimtoa Laurenti aende na baba yake mdogo, nikabaki. Uchungu uliponishika nilisimama pale uani nikaita. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kilima kilikuwa kitupu, na mtoto hakulia kamwe." Akavuta kitenge kumfunika mtoto mguu. "Siku ile ya kwanza niliona kabisa kwamba uchungu wako ni wa uongo. Nimezaa, nisingejua? Niliita kwa ajili yangu. Nilitaka kusikia kama wataitikia."

 Nje Matiyasi alikuwa anacheka kwa sauti, akimwambia mtu kwamba safari hii wanadai pombe nyingine.

"Waliitikia, Mabukwe," nikamwambia.

"Waliitikia," akasema, na yule mwanamke mkavu akaweka uso wake juu ya blanketi la mwanangu akalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, watu wote wakisikia.